Mate ya Kembabazi

Mwezi uliopita tulimzika Kembabazi kwao Rwampara. Pale makaburini mjomba wake mmoja, mtu mrefu aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa linachoma, aliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikamjibu kwamba tulisoma pamoja Mbarara. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda kusalimia wengine, nami nikabaki na jibu langu. Lilikuwa la kweli, lakini lilinisumbua njia nzima ya kurudi Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda ninakoishi. Kusoma pamoja! Tulisoma pamoja watu arobaini, na wengi wao tukikutana leo sokoni hatutajuana. Kembabazi ni mtu aliyenipa mate ya kinywa chake siku ambayo sikuwa na yangu, na mimi nikamlipa kwa kumharibia mwaka mzima wa maisha yake. Maneno hayo huwezi kumwambia mtu kando ya kaburi, atadhani umerukwa na akili. Ndiyo maana nayaandika.

Nilikuwa na miaka ishirini. Leo nina mvi, na katika maabara ya kliniki hapa Base Camp, katikati ya Nakivale, wananiita Mama Mapendo hata wale walionizidi umri. Mambo ya kule nilikozaliwa, Kivu ya Kusini huko Kongo, na jinsi tulivyofika kambini, nayaacha. Kila mtu wa Nakivale anayo ya kwake na hana hamu ya kusikia ya jirani. Naanzia pale shirika moja liliponipeleka Mbarara, kwenye chuo cha ufundi wa maabara, kozi ya mwaka mmoja, na barua yenye sharti moja tu. Nikianguka mtihani wowote, wa kuandika au wa vitendo, nafasi yangu anapewa msichana wa kambi ya Oruchinga aliyekuwa anangoja. Jina lake lilikuwa limeandikwa chini ya langu kwenye karatasi ileile. Sijawahi kumwona msichana huyo mpaka leo, lakini mwaka ule nilimfikiria kuliko nilivyowafikiria ndugu zangu. Nikichelewa kuamka namfikiria, nikikosa hesabu namfikiria, nikiona nguo yangu imechanika najiambia yeye angeishona jana.

Nilipanga chumba Kakoba, mtaa mmoja wa Mbarara, kile wenyewe wanachokiita muzigo: mlango mmoja, dirisha moja la mbao, na ukuta usiofika kwenye mabati. Mbele ya mlango mafundi walikuwa wanatengeneza pikipiki tangu asubuhi, na harufu ya petroli iliingia mpaka kwenye chumvi. Upande wa pili wa ukuta walikaa mume na mke na mtoto wao mdogo. Kwa sura nilikuwa siwajui vizuri, maana mume aliondoka alfajiri na boda boda yake na mke aliuza nyanya sokoni, lakini sauti zao niliishi nazo. Nilijua watakula nini kabla hawajapakua. Nilijua nani ana kosa wakigombana, na mara nyingi alikuwa mume. Mtoto alikuwa anajifunza kuhesabu, emwe, ibiri, ishatu, nami nikawa nahesabu naye kimoyomoyo, akikosea nangoja arudie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kinyankore, lugha ya wenyeji, kwa kusikiliza maisha ya watu ambao hawakujua kama nipo. Siku moja mke alisimulia kituko cha mteja aliyejaribu nyanya sita kwa kuzing'ata, mume akacheka, na mimi nikacheka peke yangu na sufuria yangu magotini. Wakanyamaza. Nikaziba mdomo kwa kiganja, na aibu niliyoisikia ilikuwa ya mwizi, ingawa sijui nilikuwa nimeiba nini.

Chakula changu kilikuwa bukari, ugali wa kwetu, na maharagwe, nilichopika siku moja na kula siku mbili, na Jumapili ndakala, yaani dagaa, wachache wa kukaanga. Bukari si chakula cha mtu mmoja. Kwetu sinia linakuwa katikati, mikono inakutana, mwenye njaa anaharakisha na mwenye heshima anajifanya ameshiba. Mwenyewe unamega, unatazama ukuta, unameza. Nilikuwa nakula haraka ili nimalize ile kazi ya kuwa peke yangu na chakula. Nasema wazi: nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuongea na masufuria.

Shuleni kwetu nilisoma kwa Kifaransa, na chuoni kila kitu kilikuwa Kiingereza. Nilielewa nusu, na ile nusu niliyoielewa sikuweza kuisema. Basi nikanyamaza. Asubuhi niliingia na daftari langu, nikakaa kiti cha mwisho karibu na sinki, jioni nikatoka. Kuna wiki nilihesabu maneno niliyomwambia binadamu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na hayakufika ishirini, mengi yakiwa ya kununua mkaa. Mwenzangu wa meza ya maabara alikuwa Kembabazi, msichana mnene kidogo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Baba yake alikuwa mwanajeshi mstaafu, akamfundisha Kiswahili cha kambi za jeshi, kile ambacho kila sentensi ni amri. "Lete hiyo." "Shika hapa." "Osha." Hayo ndiyo aliyoniambia muhula mzima wa kwanza, nami nilileta, nikashika, nikaosha.

Mkufunzi wetu wa kemia ya viumbe hai aliitwa Bwana Byaruhanga. Alikuwa mtu mkavu, mfupi, mwenye kalamu nne mfukoni, na alifundisha polepole kiasi kwamba hata mimi nilimfuata. Siku ya kwanza ya somo la vimeng'enya aliingia na sufuria ya posho iliyopoa, ile ile tunayoiita bukari, akampa kila mtu kipande, akasema tutafune bila kumeza mpaka ahesabu mia. Darasa zima likatafuna. Alipofika sitini nikasikia utamu. Miaka ishirini nakula bukari na sikuwa nimejua kwamba ina sukari ndani yake, kwa sababu kwetu bukari haitafunwi, inamezwa. Byaruhanga akaeleza: wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na ndani ya mate kuna kitu, amilesi, kinachoukata ule mnyororo pingili kwa pingili. Chenyewe hakiliwi na kazi yake. Kinakata huu, kinauachia, kinashika mwingine. Kila kimeng'enya hushika kitu chake kimoja tu, na kingine hakikioni. Baridi inakilaza, joto la mwili linakiamsha, na ukikichemsha kinaharibika moja kwa moja. Ni kama ute wa yai, ukishaiva haurudi kuwa majimaji. Wiki iliyofuata akaweka kipande cha ini la ng'ombe kwenye dawa ya kusafishia vidonda, kikatoa povu mpaka likamwagika mezani. Ng'ombe alikuwa amekufa tangu jana yake, lakini ini lake bado lilikuwa kazini. Nilirudi Kakoba siku hiyo nikitembea haraka, nina habari kubwa na sina wa kumwambia. Nikaiambia sufuria.

Watu wanapenda kusikia kwamba mambo haya yalinifariji. Hayakunifariji hata kidogo. Yalinipa kitu cha kufikiria, ambacho ni msaada mwingine. Nilikuwa nalala nikijua kwamba ndani yangu, hata nikinyamaza mwaka mzima, kuna kelele ya kazi isiyokoma, mamilioni ya vimkasi vinakata na kuunga. Lakini vimkasi havikujui jina.

Nilikuwa naosha neli za majaribio kwenye sinki siku niliyowasikia. Wasichana watatu walikuwa nyuma yangu, Kembabazi akiwa katikati, wakizungumza Kinyankore bila kupunguza sauti. Mmoja akasema, yule mkimbizi ana kiburi, hasalimii mtu. Mwingine akasema labda ni bubu. Kembabazi akasema, "Bubu wapi, anatuona sisi si watu. Mwezi wa sita huu nakaa naye meza moja, hata habari ya asubuhi hajaniuliza." Wakacheka. Niliendelea kuosha neli ileile. Ningeweza kugeuka na kujibu, maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyakusanya ukutani kwangu miezi yote ile. Sikugeuka. Niliona haya kwa ajili yao, kisha nikaona hasira, kisha nikaona kwamba ni kweli, sikuwahi kumuuliza habari ya asubuhi. Kwetu mgeni ndiye anayesalimiwa kwanza na wenyeji. Kumbe kwao anayeingia ndiye anayesalimia waliopo, na mimi niliingia mlangoni kila siku kimya, nikingoja.

Likizo nilikwenda Nakivale. Mama Feza, kiongozi wa kikundi cha maombi, ndiye aliyenipokea, na kila alipopita mtu uani alimwita aje aone. "Huyu ndiye mutoto wetu, iko nasoma mambo ya damu kule Mbarara." Walinipikia sombe ya majani ya muhogo na mawese, wakaketi kunitazama ninavyokula, bamama saba kwenye chumba kimoja chenye kitanda na jiko, wakaniuliza kama nina marafiki. "Mingi," nikasema. "Niko nabo mingi sana." Mama Feza akapiga makofi. Chakula kilikuwa kitamu mpaka nikatamani kulia, na sikulia, kwa sababu wangeuliza kwa nini. Usiombe kupendwa na watu unaowadanganya.

Ndipo mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka ukakaribia. Hakuna aliyejua swali litakuwa nini. Karatasi ingefunguliwa siku ileile, Alhamisi. Jumatatu nikampigia simu Mama Feza, nikamwambia nimeanza kufunga, nakunywa maji tu. Akakasirika kweli. "Maji? Mwanangu, jambo ya maana hivi unafunga na maji? Esta wa Biblia alifunga namna gani? Funga kavu. Siku tatu, hata tone moja lisipite, mpaka Alhamisi jua linazama. Sisi huku tutasimama na maombi pa fasi yako." Wasomaji wa kwetu hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba huku kwetu mtu akienda kwenye jambo zito hufunga, na anayefunga kavu ndiye anayehesabiwa kuwa anamaanisha. Nilimaanisha. Jumanne sikula wala kunywa. Jumatano ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa, na jirani alipomimina maji kwenye kikombe ng'ambo ya ukuta nilisikia kila tone. Alhamisi asubuhi nilitembea kutoka Kakoba hadi chuoni nikishika kuta.

Bwana Byaruhanga alitugawia karatasi. Kwenye meza kulikuwa na majimaji ya wanga, iodini, kigae cheupe chenye vishimo, kipimajoto na beseni la maji vuguvugu. Hakukuwa na chupa ya amilesi. Akasema ile ya kununua imekwisha muda wake, na tabasamu dogo likampita, la pekee nililoliona kwake mwaka ule. "Leo mtatumia ile mliyopewa na Mungu." Kila mmoja akapewa kikombe kidogo cha plastiki. Kila mmoja asukutue kinywa kwa maji safi, angoje kidogo, kisha ajaze kikombe mate mpaka kwenye mstari.

Ee Mungu wangu. Nilikitazama kile kikombe kama mtu anayetazama barua ya msiba. Nilisogea sinki na wenzangu, nikajifanya nasukutua, lakini maji sikuyaingiza mdomoni; nilikuwa nimeahidi hadi jua lizame, na tone likinipita kooni siku tatu zimepotea. Nikarudi mezani. Darasa zima lilikuwa limeinama juu ya vikombe, na sauti ilikuwa ya aibu, watu arobaini wanatema. Mimi nikavuta mashavu, nikauma ulimi, nikafikiria limau, nikafikiria sombe ya Mama Feza na mawese yanavyong'aa juu yake. Kilichotoka kilikuwa uzi mmoja mweupe, mzito, uliobaki kwenye mdomo wa kikombe na kukataa kushuka. Mwili wangu haukuwa na cha kutoa. Machozi yalikuwepo, ndiyo, yalikuja yenyewe bila kuitwa, lakini machozi hayakati wanga. Nikamwona yule msichana wa Oruchinga akifunga sanduku lake.

Kembabazi alikuwa ameshajaza kikombe chake hadi juu ya mstari. Kinywa kile hakikuwa na shida ya kitu chochote. Alinitazama mara moja. Kisha bila kugeuza kichwa akavuta kikombe changu upande wake, akamimina nusu ya chake ndani, akakisukuma kunirudishia.

"Fanya kazi," akasema.

Nikafanya. Nilichanganya mate na wanga, nikaitia neli kwenye beseni, na kila dakika nikachukua tone moja na kulidondosha kwenye iodini, ambayo wanga huigeuza bluu nyeusi. Dakika ya kwanza, bluu nyeusi. Ya pili, bluu nyeusi. Ya tatu ikaingia zambarau inayoelekea kahawia. Ya nne, iodini ikabaki na rangi yake ya njano, safi, wanga umekwisha. Niliandika kila kitu vizuri. Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko vishimo vile vinne vilivyopangana, na nilikuwa na furaha kwa muda wa labda dakika mbili.

Byaruhanga alipita meza kwa meza akisoma majibu. Kwetu akasimama. Akasoma karatasi ya Kembabazi, akasoma yangu, akarudia. Akatazama kikombe changu, kisha midomo yangu iliyopasuka. "Kila kinywa kina mwendo wake," akasema. "Mmoja dakika tatu, mwingine tano, mwingine saba. Meza hii ina vinywa viwili na jibu moja." Akamgeukia Kembabazi. "Umempa?" Kembabazi akasema hapana, bwana, sijampa kitu, kwa sauti ya wazi kabisa, macho hayapepesi. Kisha Byaruhanga akanigeukia mimi. "Mapendo. Haya ni mate ya nani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na maofisa wenye mihuri, na sijawahi kuulizwa swali fupi namna ile. Nilijua nikisema ni yangu tumepita wote. Nilijua pia kwamba ni siku ya tatu, kwamba bamama saba walikuwa wamepiga magoti Nakivale saa ileile, na kwamba mtu hawezi kumfungia Mungu siku tatu kisha amdanganye mtu kabla jua halijazama. Nilimwogopa Mungu kuliko nilivyoiogopa Oruchinga. Kembabazi sikumfikiria. Hilo ndilo ninalojilaumu hadi leo: nilikuwa na Mungu na nafsi yangu tu katika chumba kile, yeye sikumwona.

"Ya Kembabazi," nikasema.

Barua zilitoka baada ya wiki. Mimi, kwa kuwa nimesema kweli, sikuhesabiwa kuanguka, nikapewa kurudia mtihani baada ya majuma mawili. Kembabazi, kwa kumdanganya msimamizi usoni, akafutiwa mwaka. Arudi aanze upya na watakaoingia mwakani. Alisoma barua yake mbele ya ubao wa matangazo, akaikunja, akaiweka mfukoni, akapita mbele yangu bila kunitazama. Sasa darasa lilikuwa na sababu ya kunichukia, na walinichukia kwa bidii. Nilipoingia walisimama kutoka kiti kilicho karibu na changu. Kakoba kwenyewe hata jirani walikuwa wamesafiri kwenda kwenye harusi, ukuta ukawa kimya, na ndipo nilipojua kwamba upweke nao una ghorofa, unaweza kushuka chini zaidi ya pale ulipodhani ni sakafu. Sikuweza kula. Sikuwa nafunga tena, nilikuwa siwezi tu.

Siku moja kabla ya kurudia mtihani, mchana, mlango ukagongwa. Hakuna aliyewahi kuugonga. Nikafungua, Kembabazi akaingia bila kukaribishwa, akatazama chumba chote, jambo ambalo halikuchukua muda, akaketi kwenye kitanda changu.

"Mimi nataka jua kitu moja," akasema. "Kwa nini wewe nasema jina yangu?"

"Nilikuwa nafunga," nikasema. "Kavu. Siku tatu, chakula hapana, maji hapana. Mutu anafunga hawezi kudanganya."

Akanitazama. "Siku tatu hapana maji?"

"Siku tatu."

"Kabla ya mtihani ya mate?"

"Sikujua kama ni ya mate!"

Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa, akaanguka chali kitandani, machozi yanamtoka, "Ai bambe! Ai bambe!" mpaka fundi mmoja wa pikipiki akachungulia mlangoni. Na mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, sijui nicheke au nimfukuze. Alipotulia akajifuta uso kwa shuka langu. "Wewe mjinga," akasema. "Kwa nini hapana ambia mimi mapema? Mwaka mzima nakaa na wewe."

Nikamjibu kwa Kinyankore. Nilimrudishia yale aliyoyasema pale sinki, neno kwa neno, kwa lafudhi ya muuza nyanya. Uso wake ulibadilika. Nilimwona akihesabu nyuma, siku zote alizozungumza mbele yangu, mambo yote ya mwaka ule aliyodhani siyasikii. "Ulisikia yote," akasema. Nikasema yote. Kisha akasema, "Hata mimi sikukusalimia." Akainuka, akafunua sufuria yangu, akaona bukari ya juzi, akafunika kwa karaha na kuondoka.

Asubuhi akarudi na chombo cha katogo, ndizi na maharagwe na mafuta ya samli, bado moto. Akaniketisha. "Kula," akasema, na amri ile ilikuwa amri nzuri kuliko zote nilizopewa maishani. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akanipa maji, vikombe viwili, akanisindikiza hadi mlango wa maabara ambao yeye alikuwa haruhusiwi kuupita.

Nilipotoka nilimkuta kwenye kivuli cha tangi la maji. "Dakika ngapi?" akauliza. Nikasema sita, na kwamba nimepita. Akainua kidevu. "Yangu ilikuwa nne. Mate yangu iko na nguvu." Tukacheka wote wawili, mimi nikiwa nimemshika mkono ili nisianguke, na ghafla kicheko chake kikakatika. Akasema kwamba baba yake bado hajui. Ameiweka ile barua chini ya godoro majuma mawili, na mzee kila siku anauliza sherehe ya kumaliza ni lini.

"Jumamosi nakwenda nyumbani," akasema. "Wewe nakuja na mimi. Wewe nasema. Mimi nikisema nitadanganya."

Nikaenda. Sikulala usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini nilikwenda. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mgongo umenyooka, redio magotini, na alipojua natoka Nakivale akazima redio na kunisalimia kwa Kiswahili chake cha kambini. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kufunga, kikombe, swali la mkufunzi, jina nililolitaja, barua. Nikamwambia mwanawe amepoteza mwaka kwa sababu yangu na mimi nimepita. Hakunikatiza. Ng'ombe walikuwa wanarudi, na alisubiri mpaka wa mwisho akaingia zizini. Kisha akamgeukia binti yake, akaendelea kwa Kiswahili, ili mgeni asikie.

"Wewe nampa?"

"Nilimpa, taata."

"Kwa nini?"

Kembabazi alikuwa anatazama ardhi. Nilidhani atatafuta maneno, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo hata mimi sikuwa nimethubutu kumuuliza.

"Yeye alikuwa hana," akasema. "Mimi nilikuwa na mingi."